Usipike Namba za Pendulamu

Leo tuache simu na programu kidogo, twende maabara.

Mpe mwanafunzi wa sekondari hapa Kyuso uzi, kijiwe na stopwochi, umwambie atafute g. Kabla hajafunga fundo anajua jibu ni 9.8, basi namba zikikataa anazipika. Tulipika wengi, na graf zetu zilinyooka kama rula. Mimi naona hapo ndipo sayansi inapofia.

Jaribio lenyewe si gumu. Kigeu (si kigeugeu, huyo ni mwanasiasa) unachokibadilisha wewe ni urefu wa uzi. Unachokipima ni muda wa kijiwe kwenda na kurudi. Vingine vyote unavishika visibadilike: kijiwe kilekile, pembe ndogo ileile.

Sasa makosa. Uzi wa mita 1 huchukua kama sekunde 2 kwenda na kurudi. Kidole chako kikichelewa sekunde 0.2, umekosea asilimia 10. Ndiyo maana tunahesabu mizunguko 20 na kugawa: uchelewaji ni uleule, ila sasa uko ndani ya sekunde 40, yaani nusu asilimia tu. Ujanja mzuri, na hauhitaji kifaa cha bei.

Lakini kuna kosa ambalo kurudia hakuliponyi. Mwanafunzi anaachia kijiwe na papo hapo anasema "moja". Akifika "ishirini" kimezunguka mara 19. Anagawa kwa 20, na g inatoka karibu 10.9. Arudie mara tatu, atapata 10.9 mara tatu, na zitafanana hadi aziamini! Sisi waandishi wa programu tunalijua sana kosa hili la kuzidi moja, na lugha nyingi za kompyuta huanza kuhesabu na sifuri. Ile 10.9 ilikuwa inamwonyesha mahali alipokosea. Akiipika iwe 9.8, kosa linabaki palepale, ila sasa halionekani.

Na wakati mwingine hakuna kosa kabisa. Kitabu kinasema maji huchemka nyuzi 100. Kweli, ukiwa Mombasa. Nairobi ni 94 au 95 hivi, kwa sababu huko juu hewa inakandamiza kidogo. Kyuso tuko katikati. Anayeandika 100 hapa amenakili kitabu, na pengine amepewa alama kwa hilo.

Siwalaumu walimu moja kwa moja. Stopwochi tatu kwa darasa zima na mtihani wa KCSE unakuja, utafanyaje? Lakini alama moja kwa anayeeleza kwa nini namba yake imekataa haigharimu kitu.

Sisi huku tunaishi kwa vipimo. Kila mwezi mamlaka ya ukame, NDMA, hutoa taarifa ya Kitui: mvua, malisho, bei ya mbuzi. Nyuma ya baadhi ya namba hizo kuna mtu aliyetumwa kupima. Siku asipoenda kwenye kipimo cha mvua, je, ataacha pengo au ataandika "milimita 4" kama jana? Jibu hilo alijifunza akiwa na uzi na kijiwe.

Jaribuni nyumbani: uzi wa mita 1, pima hadi katikati ya kijiwe, ukiachia sema "sifuri". Nitumieni mlichopata, hata kama ni 11.