Mapacha njiti: Sheria imetoa likizo, jumuiya itatoa nini?

Marekebisho ya sheria za kazi yaliyoanza kutumika nchini Tanzania mwaka 2025 yamewakumbuka wazazi wa watoto njiti, yaani watoto wanaozaliwa kabla ya majuma 37 ya ujauzito. Mwajiriwa aliyejifungua kabla ya wakati huongezewa muda uliokuwa umebaki kutimiza majuma 40, juu ya likizo ya siku 84, au 100 kwa aliyejifungua zaidi ya mtoto mmoja. Baba naye hupata siku 7 badala ya 3. Ni hatua ya kupongezwa na kila anayeutetea uhai.

Lakini katika parokia zetu, ni akina mama wangapi wenye mkataba wa ajira? Mkulima, mama lishe na mchuuzi wa sokoni hawana mwajiri wa kuwapa likizo. Siku wanapolazwa hospitalini, kipato cha nyumba hukoma siku hiyo hiyo.

Mzigo huo huwaelemea zaidi wazazi wa mapacha, ambao mara nyingi huzaliwa kabla ya wakati. Mapafu yao hayajakomaa, miili haijaweza kutunza joto, na wengine hawawezi bado kunyonya. Ndiyo maana huwekwa katika chumba cha uangalizi maalumu, wakipewa oksijeni na kulishwa kwa mrija maziwa ambayo mama huyakamua usiku na mchana. Mara nyingi mapacha hawaendi mwendo mmoja: huyu huongezeka uzito, mwenzake hurudi nyuma, huyu huruhusiwa kwenda nyumbani, mwenzake hubaki wodini. Mama hana namna ya kujigawa.

Tiba mojawapo iliyo bora haihitaji mashine. Huduma ya kangaruu, yaani mtoto kukaa kifuani ngozi kwa ngozi, ilianza Bogotá, Colombia, mwaka 1978. Utafiti uliofanyika katika nchi tano, Tanzania ikiwamo, na kuchapishwa mwaka 2021, ulionyesha kwamba kuianza mara baada ya kuzaliwa kulipunguza vifo vya watoto wenye uzito wa kilo 1 hadi 1.8 kwa asilimia 25. Shirika la Afya Duniani linashauri saa 8 hadi 24 kwa siku. Mama wa mapacha, anayepaswa pia kula, kulala na kukamua maziwa, atazipata wapi saa hizo peke yake?

Hapo ndipo kifua cha baba kinapohitajika, na cha bibi au shangazi pia, kadiri wauguzi watakavyoelekeza. Wapo wanaume wanaodhani kulea kichanga ni kazi ya wanawake. Mtakatifu Yosefu alimchukua Mtoto na Mama yake usiku, akakimbilia Misri. Hakusubiri mtoto akue ndipo awe baba.

Wazazi wafahamu pia kwamba Sheria ya Kanisa, kanuni ya 867, inaagiza mtoto aliye katika hatari ya kifo abatizwe bila kukawia. Padre akikosekana, mtu yeyote mwenye nia sahihi, hata muuguzi au baba mwenyewe, anaweza kummiminia maji kichwani akisema: “Nakubatiza kwa jina la Baba, na la Mwana, na la Roho Mtakatifu.” Baadaye parokia ijulishwe ili ubatizo uandikwe kitabuni.

Na pacha mmoja akifariki, tusimwambie mama ashukuru kwa kuwa amebakiwa na mwingine. Aliwabeba wawili. Anamlilia mmoja huku akimnyonyesha mwenzake, na anastahili kuombolezewa naye kama mfiwa mwingine yeyote.

Basi Jumuiya Ndogo Ndogo, WAWATA na UWAKA zifanye yale ambayo sheria haiwezi kuyafikia: nauli ya baba ya kwenda hospitalini, chakula cha mama, palizi ya shamba lao, na malezi ya watoto waliobaki nyumbani. Mapacha wakirudi, tuahirishe desturi ya kwenda kwa wingi kuwaona, maana mafua ya mgeni yanaweza kuwarudisha wodini. Tufikishe zawadi mlangoni, tufue nguo, tuteke maji, kisha tuondoke. Likizo ya mama asiye na mwajiri itatoka mikononi mwa majirani zake.