Tipa au tela? Familia ihesabu safari kwanza

Malipo ya tumbaku yakishaingia, mazungumzo katika nyumba nyingi za Kigwa, wilayani Uyui, hubadilika. Kwa miezi kadhaa yalikuwa ya madeni ya pembejeo na madaraja ya jani. Sasa ni ya kununua: mabati, pikipiki, ng'ombe wa kulimia, kiwanja Tabora mjini. Na kwenye familia zenye mashamba makubwa kidogo, au ndugu watatu wanne wanaolima pamoja, hoja ya chombo cha kubebea mizigo haikosi. Baba anataka tipa. Mama anauliza kwa nini lisinunuliwe tela.

Mara nyingi mjadala huo huishia kwenye kununiana, kwa sababu kila mmoja anatetea jambo lake. Baba akisema tipa, anaona gari linaloweza kwenda Tabora na kurudi siku hiyo hiyo, likakodishwa kubeba mchanga, likaleta hela kila wiki. Mama akisema tela, anaona mahindi ya mwaka jana yaliyolala shambani mpaka mchwa wakayaanza, kwa kuwa mwenye mkokoteni wa ng'ombe alikuwa na foleni ya wateja. Mmoja anazungumzia biashara, mwingine anazungumzia kazi ya nyumbani. Wote wana hoja, lakini fedha ni ile ile moja.

Pa kuanzia ni daftari la mtoto lililobaki na kurasa tupu. Baba, mama na vijana wakubwa wakae waandike kila mzigo uliotoka shambani au kwenda shambani tangu mvua za Novemba hadi Oktoba inayofuata. Wasiandike wanachotamani kubeba; waandike kilichobebwa.

Chukua mfano wa familia yenye ekari nne za mahindi, ekari tatu za tumbaku na majaruba machache ya mpunga mbugani. Ikipata magunia 15 kwa ekari, mahindi ni magunia 60 ya kilo 100, yaani tani 6. Tela la tani tatu linayamaliza kwa safari mbili. Samadi, ikiamua kuweka tani tatu kwa kila ekari ya mahindi, ni tani 12: safari nne. Kuni za bani ziwe safari nane. Tumbaku kwenda ghala la chama cha msingi, safari tatu. Mpunga, mbili. Mchanga na mawe ya choo kipya, tano. Jumla ni safari 24. Zikipigwa tatu kwa siku, kazi yote ya mwaka inakwisha kwa siku nane.

Siku nane kati ya 365. Hapo ndipo baba mwenye nia njema hunyamaza kidogo.

Si kwamba mizigo hiyo ni midogo. Zamani Kigwa kilikuwa kituo cha misafara iliyoelekea Unyanyembe. Henry Morton Stanley alipita hapo mwaka 1871. Mpagazi wa Kinyamwezi alibeba takriban frasila mbili, kama kilo 32. Tela moja la tani tatu ni mzigo wa wapagazi zaidi ya 90. Anayemwambia mkewe kwamba tela ni kitu kidogo, basi, ajaribu kuyabeba hayo kichwani.

Tofauti kubwa iko kwenye siku zile 357 zilizobaki. Tipa ikisimama, betri inakufa, tairi zinapasuka kwa jua, bima inakwisha tarehe yake hata kama gari halijatoka uani, na panya wanaingia kwenye nyaya. Tela halina injini. Likiinuliwa juu ya magogo ili tairi zisiguse ardhi, likawekwa chini ya mwembe na mipira yake ya haidroliki ikafunikwa, linangoja msimu ujao bila kudai kitu. Tipa iliyonunuliwa kwa ajili ya shamba peke yake, kwa familia ya kiasi hiki, ni hasara hata kabla haijaharibika.

Watetezi wa tipa wana jibu: itajilipa. Jibu hilo limepata nguvu tangu Desemba 2021, uliposainiwa mkataba wa ujenzi wa reli ya kisasa kati ya Makutupora na Tabora. Kila mwenye fedha kidogo alianza kuona kokoto ndotoni. Lakini mkandarasi mkubwa huja na magari yake. Mwenye tipa moja ya mtumba anabaki na kazi za nyumba za watu: mchanga wa msingi, matofali, kifusi. Kazi hizo zipo, na wapo wanaoishi kwazo, ila wanaoishi kwazo wanaamka nazo kila siku. Wana dereva wanayemfahamu, fundi wao, na akiba ya tairi. Wana pia leseni ya LATRA ya kubeba mizigo ya watu, ambayo mkulima wengi wao humwambia ataikumbuka baadaye.

Kuna jambo jingine ambalo wauzaji hawalisemi. Tipa ikishakuwa biashara, inafuata fedha. Juni, mahindi yakiwa yamekauka shambani, ndipo barabara nazo zimekauka na watu wanajenga. Dereva atapiga simu kutoka mjini: "Mzee, leo nimepata tripu nne, nitakuja kesho kutwa." Baba atakubali, kwa sababu tripu nne ni hela. Na mama atabaki pale pale alipokuwa mwaka jana, na mchwa wake.

Kwa hiyo familia inayotaka biashara ya usafirishaji ifanye biashara ya usafirishaji, kwa macho mawili, na iweke kando fedha za kukodi mtu wa kubeba mahindi yake.

Tela nalo lina ugumu wake, na mama asiufiche. Bila trekta, tela ni benchi la kukalia. Kununua trekta kwa ajili ya safari 24 ni kosa lile lile la tipa kwa sura nyingine. Lakini kalenda ya Kigwa inasaidia. Matrekta yanagombaniwa Novemba na Desemba, wakati wa kulima. Kuanzia Mei hadi Agosti, mizigo inapokuwa mingi, mengi yamesimama. Mwenye trekta anapenda kupata mtu wa kumkodi miezi hiyo, na mwenye tela ana cha kumpa: "Wewe leta trekta, mimi nina tela, tubebe yangu na yako." Makubaliano ya aina hiyo yaandikwe, mafuta yawe ya nani na pini ikikatika atengeneze nani, hata kama ni shemeji. Hasa kama ni shemeji.

Kabla ya kulipia tela linaloinuka, mtu aende kuliangalia trekta litakalolivuta. Tela la kumwaga huinuliwa kwa nguvu ya haidroliki inayotoka kwenye trekta kupitia mpira. Trekta kuukuu linaweza kuwa na mikono ya kuinulia jembe na lisiwe na sehemu ya kuchomeka mpira huo. Fundi anaweza kuiongeza, lakini hiyo ni gharama na ijulikane mapema. Wenye pawatila nao wajue kwamba tela lake ni la mzigo mdogo. Linafaa kwa mbolea na magunia machache, si kwa mawe.

Halafu liulizwe swali ambalo hakuna anayeliuliza: ni mzigo gani hasa unaohitaji kumwagwa?

Tumbaku haimwagwi. Jani lililokaushwa likivunjika, daraja linashuka na jasho la miezi tisa linashuka nalo. Mahindi na mpunga vikiwa kwenye magunia havimwagwi; gunia likipasuka watoto wanaokota punje mpaka jioni. Matofali ya kuchoma yakimwagwa ni vigae. Vinavyobaki ni samadi, mchanga, mawe, kuni, na mahindi ya magunzi kwa anayepukuchulia nyumbani. Kwenye daftari la mfano wetu hizo ni safari 17, na nane kati yake ni kuni, ambazo vijana wawili wanazishusha kwa muda mfupi. Kwa hiyo kwa baadhi ya familia jibu sahihi si tipa wala tela la haidroliki. Ni tela la kawaida lenye pande zinazofunguka, ambalo bei yake ni ndogo na lina vichache vya kuharibika. Aliye na samadi nyingi, mfugaji mwenye zizi kubwa anayerutubisha ekari 20, ndiye ataona thamani ya jeki ile, kwa sababu kushusha tani tatu za samadi kwa koleo ni adhabu.

Ardhi nayo ina kauli. Sehemu kubwa ya Tabora ni mchanga wa miombo juu na udongo mweusi wa mbuga chini. Tipa yenye mzigo ikiingia kwenye mchanga mlaini inachimba. Ikiingia mbugani Machi inalala huko. Trekta lenye tairi pana linapita pengi, hasa likivuta tela la ekseli moja, kwa kuwa sehemu ya uzito wa mzigo hukandamiza tairi za nyuma za trekta na kuzifanya zishike. Ila mzigo upangwe vizuri: ukirundikwa nyuma ya ekseli, unainua trekta badala ya kulikandamiza. Kwenye lami hadithi inageuka. Trekta linatambaa, tela jingi halina breki wala taa, na usiku ni mtego kwa mabasi. Mzigo wa kwenda Tabora mjini ukodiwe gari.

Mkoa huu una kumbukumbu ya mitambo iliyonunuliwa kabla ya ardhi kuulizwa. Urambo ilikuwa moja ya sehemu za mpango wa karanga wa serikali ya Uingereza, ulioanza mwaka 1947 na kufutwa 1951 baada ya kumeza takriban pauni milioni 36. Walifika hata kugeuza vifaru vya vita kuwa matrekta.

Suala la mkopo ni fupi lakini zito. Fedha za tumbaku zisipotosha, hutajwa nyumba. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, kifungu cha 59, hairuhusu mwanandoa kuuza au kuweka rehani nyumba ya ndoa bila ridhaa ya mwenzake. Mama anayeletewa karatasi jioni na kuambiwa "weka sahihi hapa, ni utaratibu tu" ana haki ya kuisoma kwanza, au kumpa mtoto aliye sekondari aisome kwa sauti. Baba asione hilo kama dharau. Gari likishindwa kulipa deni, watakaohama ni wote.

Na watoto. Chombo chochote kati ya hivi kikiingia uani, watoto watakipenda kuliko mtu mwingine yeyote nyumbani. Watapanda juu ya magunia kurudi kutoka shambani, kwa kuwa baba amechoka na wao wamechoka na ni karibu tu. Watakaa kwenye chuma kinachounganisha tela na trekta, mahali pabaya kuliko pote, maana anayeteleza hapo anaangukia mbele ya tairi la tela, na dereva hasikii kwa kelele za injini. Amri iwe moja na isiwe na siku ya msamaha: juu ya mzigo hapakaliwi, kwenye kiungio hapakaliwi. Wazazi wanaojua kwamba watoto wako shambani wapange watakavyorudi kabla trekta halijawashwa.

Wakati wa kumwaga, watoto wote wawe upande mmoja, mbali, mahali dereva anapowaona. Pawe tambarare. Samadi mbichi hung'ang'ania sehemu ya juu ya bodi hata ikiwa imeinuka, na uzito ule ukiwa juu kwenye mteremko tela au tipa inalala ubavu. Asitumwe mtoto kupanda na koleo kuisukuma. Pia dereva atazame juu. Nguzo za umeme zimefika vijijini, na bodi iliyoinuliwa inafika mbali kuliko mtu anavyodhani.

La mwisho ni la mafundi wa nyumbani, wale vijana wa miaka 15 wanaopenda kuchungulia. Bodi iliyoinuliwa na haidroliki inashikiliwa na mafuta ndani ya mpira. Mpira ukipasuka, au mdogo wake akivuta mkono wa trekta kwa kucheza, inashuka mara moja. Hakuna anayeingia chini yake kupaka grisi mpaka iegemezwe kwa nguzo imara, ya chuma au ya mti mgumu kama mninga, iliyokatwa kwa kipimo cha tela hilo. Nguzo hiyo ifungwe kwa mnyororo kwenye tela lenyewe. Ikiachwa imeegemea ukuta wa jiko, kabla ya wiki kwisha itakuwa imeivisha maharage.