Bibi mpya wa baba, na mtoto katikati



Juma lililopita tuliongea juu ya minerval na namna ya kuiweka kidogo kidogo mbele ya masomo kufunguliwa. Kisha mkutano, mama mmoja wa kundi letu alibaki nyuma, akatuuliza jambo ambalo wengine watatu au wanne wamekwisha kutuuliza mwaka huu, kila mmoja kwa njia yake: “Tumeachana na bwana. Ameoa mwingine. Watoto wanaenda kule, wanarudi. Mimi nifanye nini na yule mwanamke?”

Tulimwomba ruhusa ya kuandika bila kutaja jina, naye akakubali. Ana binti wa miaka 9 na kijana wa miaka 6. Baba yao anafanya kazi upande wa Kolwezi, na mwisho wa mwezi anashuka Lubumbashi, watoto wanaenda kulala kwake siku mbili. Mwezi uliopita binti alirudi amesukwa nywele na bibi mpya wa baba. Zilisukwa vizuri, mama mwenyewe anakubali. Lakini jioni ile ile alimkalisha mtoto chini akazifumua zote, mpaka majirani wakazima taa. Mtoto hakulia. Tangu siku ile, akiulizwa kule amekula nini, amecheza na nani, anajibu neno moja: “Sijui.”

Neno hilo ndilo linatusukuma kuandika leo. Mtoto wa miaka 9 anajua vizuri alichokula. Anasema “sijui” kwa sababu amejifunza kwamba kila kizuri anachokipata nyumba moja kinageuka kosa akifika nyumba ya pili. Basi anafanya kama watu wa Kasumbalesa wenye mizigo: anaficha kabla ya kufika kwenye kizuizi. Na hapa, wapendwa, ndipo kuna hatari kubwa. Mtoto aliyezoea kuficha mazuri ataficha pia mabaya. Kama leo hawezi kukuambia kwamba amesukwa nywele, kesho atawezaje kukuambia kwamba amepigwa, au amelala njaa, au kuna mtu amemgusa vibaya? Mdomo tuliofunga kwa sababu ya wivu haufunguki siku tunapouhitaji.

Hatusemi kwamba uchungu wa mama huyu ni wa bure. Kuona mtu mwingine amekaa mahali ulipokaa wewe, anapika katika sufuria ulizonunua, na sasa anagusa kichwa cha mtoto uliyemzaa, ni jambo linalouma. Na hatuwaombi mpendane na bibi yule. Hakuna anayelazimishwa. Tunachoomba ni kidogo kuliko upendo, na kinawezekana hata kwa mtu ambaye bado ana hasira: usimfanye mtoto alipe. Uchungu wako uulete kwetu, kwa dada yako, kwa mama yako, mahali pasipo na masikio ya mtoto. Mbele yake, inatosha kusema: “Zimependeza. Alikusuka siku nzima?” Maneno manne, matano. Mtoto atapumua, na utashangaa kusikia habari zote zinatoka zenyewe.

Wengi wanatuuliza tena: mtoto amwite nani yule mwanamke? Kuna wababa wanaolazimisha aitwe “mama” tangu siku ya kwanza, na kuna wamama wanaomkataza mtoto hata kumtaja. Njia zote mbili zinamweka mtoto katika vita isiyo yake. Kwetu jina haliko mbali: tunazoea kuita mtu kwa jina la mtoto wake, mama fulani. Kama hana mtoto, kuna “tantine”, kuna “mama mdogo”. Mtoto achague lile linalotoka kinywani bila kumkwama. Akimwita siku moja “mama” kwa kusahau, usimchape wala usinune. Hajakuacha. Watoto wetu wanaita mama nusu ya wanawake wa avenue, na hakuna hata mmoja kati yao aliyekunyang'anya kiti chako.

Sasa tuje kwa makuta, kwa sababu ugomvi mwingi unaanzia hapo. Shule za msingi za serikali ni bure tangu Septemba 2019, lakini nguo za buluu na nyeupe, madaftari, viatu na usafiri si bure, na mtoto akifika sekondari minerval inakuja. Mara nyingi ni mtoto anayetumwa: “Mwambie baba yako viatu vimekwisha.” Mtoto anafika kule, anamkuta bibi mpya peke yake, anamwambia yeye, na bibi anajibu analojibu. Jioni mtoto anarudi na jibu ambalo si la baba, na vita inaanza. Mtoto si mjumbe. Ni ninyi wawili mlimzaa, na ninyi wawili mnapaswa kuongea. Kama kuonana kunaleta matusi, andika ujumbe mfupi kwenye simu: jina la mtoto, kitu kinachohitajika, bei, siku. Tuma na picha ya karatasi ya shule. Akituma falanga kwa M-Pesa au Airtel Money, jibu “zimefika”, kisha tunza risiti. Usiongeze maneno juu ya bibi yake, wala juu ya mwaka ule mlioachana. Ujumbe wa viatu uongee juu ya viatu tu.

Nawe baba, tunakuomba usikimbie. Tunaona wababa wengi wanaoacha wanawake wawili wapigane, wao wanaketi kando kama watazamaji wa mpira. Wewe ndiwe daraja kati ya nyumba hizi mbili. Kama unataka kuoa tena, waambie watoto wewe mwenyewe mbele ya siku hiyo, wasilisikie kwa jirani kwenye bomba la maji. Mwambie mama yao pia, kwa heshima, hata kama ni kwa simu. Siku watoto wanapokuja kwako, ukae nao. Mtoto aliyekuja kumwona baba, akamkuta baba ameenda kunywa na rafiki, atarudi akisema kwamba bibi mpya ndiye mbaya, kwa sababu ni yeye peke yake aliyekuwa nyumbani.

Na wewe dada uliyeolewa na bwana mwenye watoto, uko katika kundi letu pia, na tunajua kwamba mara nyingi unaonewa bila kusikilizwa. Ulipomkubali huyu bwana, watoto hawa walikuwepo tayari. Usishindane na mama yao. Hutashinda, na hata ukishinda hutapata kitu. Usiondoe picha yake katika mizigo ya mtoto. Usimseme vibaya hata kama yeye anakusema vibaya, kwa maana mtoto anaposikia mama yake anatukanwa, anasikia kwamba nusu yake yeye ni mbaya. Kazi ya kumkaripia mwachie baba, hasa miezi ya kwanza. Na mezani bukari ni moja. Kitoweo kisigawanywe kwa kuangalia tumbo lililomzaa mtoto. Watoto wanahesabu vipande vya nyama kuliko tunavyofikiri, na hesabu hiyo wanakuwa nayo mpaka uzee.

Kuna upande mwingine ambao hatuutaji sana: mama anapoolewa tena. Hapo ni baba anayesimama na kusema, “Mtoto wangu hatalala kwa mwanaume mwingine.” Na mara moja jamaa zinaingia. Katika mji wetu ndoa nyingi zinachanganya makabila, na kila upande unaongea kweli yake. Kwa Wabemba na Walamba, mtoto anahesabiwa katika ukoo wa mama, na mjomba ana neno kubwa. Kwa Waluba, mtoto ni wa ukoo wa baba. Mtoto wa baba Muluba na mama Mubemba anajikuta na wazee wa pande mbili wanaomvuta, na wote wana desturi mkononi. Tunawaheshimu wazee, na ni vizuri kuanza kwao, kwa sababu shauri lililokatwa na jamaa zote mbili zikiwa zimeketi pamoja linadumu. Lakini swali la kwanza mbele ya wazee liwe hili: mtoto atalala wapi vizuri, atasoma wapi, nani yuko nyumbani akiugua usiku?

Ni swali hilo pia sheria inauliza. Sheria ya jamaa ya mwaka 1987, iliyorekebishwa mwaka 2016, inasema kwamba ndoa ikivunjwa, tribinali inaangalia faida kubwa ya watoto ili kuamua nani atakaa nao. Kabila haliulizwi, wala nani alimkosea nani halitoshi. Mzazi asiyekaa na mtoto habaki mgeni: anaendelea kuwa na haki ya kufuatilia malezi na masomo yake, na anaendelea kuchangia kadiri ya uwezo wake. Kuoa tena hakufuti deni hilo, na kuolewa tena hakufuti umama. Kwa hiyo, mama, usimzuie baba kuona watoto kwa sababu tu ameoa. Na baba, usikate makuta ya chakula kwa sababu mama ameolewa. Chakula ni cha mtoto.

Tumesema mengi juu ya amani. Sasa tuseme mahali ambapo amani haifai kuwa kisingizio cha kunyamaza. Mtoto akirudi na alama za fimbo, akikonda, akianza kukojoa kitandani wakati alikuwa ameacha, akiogopa mtu mmoja wa nyumba ile, usiseme “ni maneno ya kuachana, yatapita”. Mwulize taratibu, mkiwa wawili tu, bila kumtia maneno kinywani. Mpeleke kituo cha afya, tunza karatasi utakayopewa, kisha uje kwetu tukusindikize.

Na liko jambo moja baya zaidi, ambalo katika miji yetu limewatupa watoto wengi barabarani. Nyumba mpya inapata shida: kazi inapotea, mtoto mchanga anaugua, mimba inatoka. Watu wanatafuta sababu, na macho yanamwangukia mtoto wa ndoa ya kwanza. Wanasema ni mchawi. Wanampeleka kwa mtu wa maombi, anafungwa bila chakula, anapigwa kusudi “aungame”. Wapendwa, Katiba ya nchi yetu ya mwaka 2006, katika kifungu cha 41, inakataza kumshitaki mtoto kwa uchawi, na sheria ya ulinzi wa mtoto ya mwaka 2009 inaweka adhabu kwa anayefanya hivyo, awe mzazi, awe mchungaji, awe jirani. Ukisikia neno hilo linatajwa juu ya mtoto yeyote, hata kwa mzaha, usingoje vakanse iishe. Mtoto atolewe pale siku ile ile, apelekwe kwa jamaa anayemwamini, na habari zifike kwa polisi au tribinali ya watoto.

Mnaona basi kwa nini tulishituka kwa lile “sijui”. Masikio ya mama ndiyo mlango wa kwanza wa usalama wa mtoto. Anayeweza kusema bila woga “leo tulikula samaki, tantine alinisuka” ndiye atakayeweza kusema pia “leo waliniita mchawi”.

Tulimpa mama yule shauri moja tu la kuanzia: asimwulize mtoto maswali kwa juma zima, na mtoto akitaja kule mwenyewe, asikilize mpaka mwisho bila kukunja uso. Nasi tunajitolea kuketi na baba wa watoto pamoja na mama, na bibi mpya akikubali kuja, karibu. Hatutarudia maneno ya ndoa iliyovunjika. Tutaandika kwenye karatasi moja mambo manne: siku za watoto kwenda na kurudi, nani analipa nini shuleni, nani anaitwa mtoto akiugua, na namba gani ya simu inatumika. Kila nyumba ichukue nakala yake.

Walio na shida kama hiyo waje kwenye mkutano wa Alhamisi, na wanaoona haya mbele ya watu wamwone mmoja wa wamama wa kamati kando. Wababa nao hawafukuzwi. Juma lijalo tutaongea juu ya nkambo wanaolea wajukuu peke yao wakati wazazi wako mbali kwenye migodi. Mwenye maswali juu ya hilo ayalete mapema.