Mwenye Shibe na Kisado cha Mkaa

Siku hizi simu zetu zimejaa wahubiri wa mazingira. Mtu huweka picha ya mama wa Mbagala akipepea jiko la mkaa, na wenziwe humshukia: huyu humwita mjinga, yule humwita adui wa misitu. Mimi nakataa.

Sikatai kwamba mkaa unamaliza misitu, wala kwamba moshi wake unadhuru mapafu. Ninachokataa ni kumsaka mkosaji katika jiko la mnyonge. Mama yule anajua hesabu kuliko wanaomcheka. Riziki yake huingia jioni kwa jioni, naye hununua kisado kimoja, akapika, watoto wakalala wameshiba. Gesi haina subira hiyo. Hata mtungi mdogo wa kilo 6 hujazwa kwa mkupuo. Huenda kwa mwezi mzima mkaa ukamgharimu zaidi. Lakini ni nani aliyempa fedha za mwezi mzima?

Wapo wanaodai kwamba dawa ni amri. Mwaka 2006 Serikali ilipiga mkaa marufuku. Bei ikaruka, na baada ya muda mfupi amri ikaondolewa. Tumbo halingoji tangazo.

Ati watu wetu hawapendi mambo mapya! Mbona LUKU waliipokea, wakanunua umeme kwa kadiri ya mfuko? KopaGas nayo ilifunga mita kwenye mitungi hapa Dar es Salaam, mteja akalipia gesi kidogo kidogo kwa simu. Hata maharage, yanayosingiziwa kwamba hayaendani na nishati safi, jiko la presha la umeme huyaivisha kwa chini ya uniti moja. Kikwazo ni bei ya kuanzia.

Mkakati wa Taifa uliozinduliwa Mei 2024 unataka asilimia 80 ya Watanzania watumie nishati safi ya kupikia ifikapo 2034. Lengo ni jema, ila halitafikiwa kwa kejeli, wala kwa mitungi inayogawiwa mbele ya kamera. Mtungi wa bure ukiisha, hugeuka pambo la jikoni.

Basi, ndugu mhubiri, weka kamera chini. Dai gesi iuzwe kwa kipimo kidogo Tandika na Tandale, na jiko la umeme likopeshwe kwa malipo ya siku. Kibaba hujazwa haba na haba. Hakijazwi kwa matusi.