Tahadhari kwa Wapanda Baiskeli: Ikague Helmeti Yako Leo

Kama una helmeti ya baiskeli uliyoinunua mtumbani, usiivae tena kabla hujatoa sponji zake zote na kuangalia povu jeupe lililo chini yake. Ukikuta ufa, hata ukiwa mwembamba kiasi gani, au mahali palipobonyea, kofia hiyo imekwisha kazi yake. Kwa nje itaonekana nzima na kichwani itakaa vizuri, lakini siku utakayoanguka utakuwa sawa na mtu aliyetoka nyumbani kichwa wazi, tena mbaya zaidi, kwa sababu ulikuwa unaamini umejikinga.

Nalisema jambo hili sasa kwa sababu helmeti zimeanza kupendwa. Septemba 2025 Kigali iliandaa mashindano ya dunia ya baiskeli za barabarani, ya kwanza kufanyika katika ardhi ya Afrika. Wanaume walishindana kilomita 267.5 katika milima ya mji ule, na Tadej Pogačar wa Slovenia akaondoka na ushindi. Watoto waliojipanga kando ya barabara walimwona kwa macho yao, na nywele zake zikichungulia kwenye matundu ya kofia kama kawaida yake. Tangu hapo, nikitoka asubuhi za Jumamosi, nakutana na makundi ya vijana waliovaa kaptula za kubana, miwani na helmeti zenye rangi kali. Nafurahi kuwaona. Kinachonitia hofu ni mahali wanakozitoa hizo helmeti.

Lakini kwanza swali ambalo wengi huniuliza kwa kicheko: mimi nakwenda sokoni tu na Phoenix yangu, nikavae kofia ya mbio ya nini? Hizo si za wale wa televisheni?

Jibu langu ni kwamba kofia ile inamfaa anayekwenda sokoni kuliko inavyomfaa yule wa televisheni. Tazama jinsi inavyopimwa. Kwa kipimo cha Ulaya, EN 1078, kichwa cha bandia huvalishwa helmeti, kikaangushwa juu ya chuma bapa kutoka kimo cha kama mita moja na nusu. Kinapofika chini kinakuwa na kasi ya karibu kilomita 20 kwa saa. Kipimo cha Marekani, CPSC, kinatumia mita mbili, na kasi yake ni kilomita 22 hivi. Hesabu hizo hazikumlenga mtu anayeteremka mlima wa Alpes kwa kilomita 80. Zinamhusu mtu aliyekaa kwenye kiti cha baiskeli, tairi likaingia kwenye shimo, naye akaenda chini kwa ubavu hadi kichwa kikagota ukingo wa lami. Mama anayepeleka mboga gengeni, mwanafunzi, muuza maziwa, dereva wa daladala ya baiskeli kule Shinyanga: maanguko yao yako ndani ya kipimo. Mshindani anapokwenda kwa kilomita 80 anabeba nishati mara 16 ya mtu wa kilomita 20, na akikutana na ukuta au jiwe kwa mwendo huo, anaiomba kofia yake kazi ambayo haikupewa.

Ndiyo maana mbio zinaendelea kuua hata pale kila mtu amevaa. Wouter Weylandt wa Ubelgiji alifia kwenye Giro d'Italia mwaka 2011, Gino Mäder akaangukia bondeni Uswisi mwaka 2023, na Septemba 2024 binti wa miaka 18, Muriel Furrer, alianguka kwenye mashindano ya dunia mjini Zurich na kufariki kesho yake kwa majeraha ya kichwa. Wote walikuwa na helmeti. Kenya nayo ilimpoteza Suleiman Kangangi, nahodha wa Team Amani, aliyeanguka akiwa kasi kwenye mashindano huko Vermont, Marekani, Agosti 2022. Kofia haiwezi kufuta kasi, na kijana anayeivaa kisha akaachia breki kwenye mteremko ameiga kitu kisichoigwa.

Na hao mabingwa wenyewe hawakuvaa kwa hiari. Mwaka 1991 chama cha kimataifa cha baiskeli, UCI, kilipotaka kuwalazimisha, waligoma kwenye mbio za Paris–Nice, wakidai joto na uhuru wao, na chama kikarudi nyuma. Mwaka 1995 Fabio Casartelli, bingwa wa Olimpiki, alianguka kwenye mteremko wa Portet d'Aspet katika Tour de France, kichwa wazi, akafa. Bado hawakuvaa. Ilipofika Machi 2003 Andrey Kivilev wa Kazakhstan akaanguka kwenye Paris–Nice ile ile, naye kichwa wazi, akafariki siku iliyofuata. Ndipo ikatoka amri mwezi Mei mwaka huo. Watu ambao riziki yao ni baiskeli walihitaji misiba na sheria. Sisi tusisubiri mpaka tuzikane.

Faida ya kofia nzima si ya kubahatisha. Mwaka 2016 watafiti wa Australia, Jake Olivier na Prudence Creighton, walikusanya tafiti 40 zilizohusu majeruhi zaidi ya 64,000 wa baiskeli, wakakuta kwamba uwezekano wa kuumia vibaya kichwani ulikuwa mdogo kwa karibu asilimia 70 kwa waliovaa. Nani atakataa punguzo kama hilo? Kichwa hakina spea.

Sasa turudi kwenye hatari yenyewe. Povu la ndani ya helmeti ni lile lile linalozungushiwa televisheni mpya kwenye boksi, ila limeshindiliwa zaidi. Kichwa kinapogonga, chembe zake husagika, na kule kusagika ndiko kunakoupa ubongo nafasi ndogo ya kusimama taratibu badala ya kukoma ghafla. Likishasagika halirudi. Helmeti ya baiskeli ni ya ajali moja tu. Mshindani akianguka asubuhi, jioni timu inampa nyingine, na ile ya kwanza haivaliwi tena barabarani. Hiki ndicho tulichokiacha tulipowaiga. Tumechukua rangi na umbo, ile desturi ya kuitupa kofia iliyogonga hatukuichukua. Kisha ughaibuni mtu anaanguka, ananunua mpya, ya zamani anaitia kwenye mfuko wa nguo za msaada. Unadhani mfuko huo unaishia wapi?

Nimesimama juzi kwenye kibanda kimoja cha mitumba hapa mjini. Helmeti zilikuwa zimetungwa kwenye kamba moja kwa mikanda yake, kama ishirini hivi, na chini yake beseni la sabuni. Nikachukua nyeusi iliyong'aa kuliko zote.

"Hiyo kaka ni ya Ulaya, orijino kabisa. Elfu ishirini, lakini kwako kumi na tano."

Nikamwomba muuzaji nitoe sponji. "Utaiharibu, kaka," akasema, lakini hakunizuia. Chini ya sponji ya kisogoni ulikuwa ufa uliotoka tundu moja la hewa hadi la pili, na ukiminya kidogo kwa vidole viwili ulifunguka na kufumba. Kwa nje, mahali pale pale, rangi ilikuwa mpya. Nilipomwonyesha hakukasirika wala hakuona haya. "Hiyo haina shida, nakupigia gundi tu."

Simlaumu kijana yule. Anauza alichofunguliwa kwenye robota, na hakuna aliyemweleza. Ila ajue, na wewe ujue, kwamba gundi haifufui povu. Zaidi ya hapo, gundi nyingi, rangi za kupuliza na petroli ya kufutia madoa hulila povu hilo hata kama halikuwa na ufa. Kofia iliyopakwa rangi upya mtaani iogope kuliko iliyochubuka, maana iliyochubuka angalau haijaficha kitu.

Kwa hiyo unapokwenda kununua, nenda mchana. Toa sponji, pitisha kidole gumba kwenye povu lote, hasa kisogoni na kwenye paji la uso, halafu shika pande mbili uminye taratibu. Ukisikia inalia kwa kukatika, irudishe. Tafuta lebo ya ndani yenye EN 1078, au CPSC, au AS/NZS 2063 ya Australia, na tarehe ya kutengenezwa. Watengenezaji wengi hushauri kofia ibadilishwe baada ya miaka michache hata kama haijagonga popote. Lebo inaweza kughushiwa, sikatai. Ndiyo sababu naanza na povu: ganda la plastiki jembamba lenye sponji peke yake ndani, bila povu gumu, ni mapambo, hata liandikwe nini. Muuzaji akikataa usitoe sponji, ondoka. Na kama fedha ni kidogo, nunua mpya ya bei ya chini yenye povu zima kuliko ya jina kubwa ambayo hujui ilipitia nini. Ya bei ya chini yenye kipimo halali imepita mtihani ule ule.

Kuna wanaovaa kofia za ujenzi, zile za njano. Ziache kwa mafundi. Zimeundwa kwa ajili ya tofali linalodondoka kutoka juu, na ukianguka kwa ubavu zinaruka kabla kichwa hakijafika chini. Hata helmeti nzuri itaruka vivyo hivyo ukiacha mkanda unaning'inia, na hapa ndipo ninapoona makosa mengi kuliko mengine yote. Mkanda ufungwe chini ya kidevu, pawe na nafasi ya vidole viwili, si zaidi. Kofia ikae usawa, ukingo wake upana wa vidole viwili juu ya nyusi. Wengi wanaisukuma kisogoni ili uso uonekane kwenye picha, wakiacha paji la uso wazi. Dada zangu wenye rasta nene au nywele zilizofungwa juu, shusheni fundo chini, kofia haiwezi kukaa juu ya fundo. Mwenye hijabu achague kitambaa chembamba kisicho na pini wala mikunjo mikubwa chini ya helmeti, kisha aurekebishe mkanda upya. Yote hayo ni kazi ya dakika tatu mbele ya kioo.

Kwa mtoto kuna la ziada, na ni zito. Akishuka kwenye baiskeli, mvue. Wako watoto waliokufa kwa kunyongwa na mkanda wa helmeti iliyonasa wakiwa wanapanda miti au bembea.

Nimeambiwa mara nyingi kuhusu Waholanzi: wanaendesha baiskeli kuliko taifa lolote na kofia hawavai. Ni kweli. Lakini Mholanzi ana njia yake iliyotengwa na magari, na huko pia wanaoshindana mbio huvaa. Wewe na mimi tunagawana ukingo wa lami na lori la mchanga. Nakubaliana na wenye hoja hiyo kwa jambo moja: kofia isiwe kisingizio cha kutojengewa njia, na nisingependa kuona askari akimkamata muuza mkaa kwa kukosa helmeti wakati aliyemsukuma mtaroni amepita zake. Jimbo la Victoria, Australia, lililazimisha helmeti mwaka 1990, na ubishi kama sheria ile ilipunguza wapanda baiskeli haujaisha mpaka leo. Mimi siombi sheria. Naomba mtu atazame ndani ya kofia yake.

Na naomba la mwisho kwa viongozi wa vikundi vya baiskeli, kuanzia Dar es Salaam, Nairobi hadi Kigali. Jumamosi hii, kabla ya kuondoka, pangeni watu mstari, toeni sponji, mkaguane. Itakayokutwa na ufa isirudishwe kwa muuzaji wala isigawiwe mdogo wako. Chukueni mkasi mkate mikanda yote miwili, na povu livunjwe vipande kabla ya kutupwa, ili isiokotwe, isioshwe na kuuzwa tena.