Habari za Jikoni: Mkate wa Tortiya

Mwezi huu nataka kuwaeleza habari za mkate wa ngeni, nao ni ndugu wa chapati. Jina lake ni tortiya.

Nilipokuwa mgeni katika mji wa San Antonio, jimbo la Texas, Marekani, nilipanga chumba kwa mama mmoja mjane, wa ukoo wa Kimeksiko. Karibu na nyumba palikuwa na mkahawa mdogo, na kila Jumamosi asubuhi tulikwenda huko kula tortiya za ngano kwa maharagwe. Zamani mama yule alizipika mwenyewe, lakini viungo vya vidole vyake vilishikwa na maumivu, asiweze tena kukanda unga. Wakati wa baridi miguu nayo ikamshinda. Akasema, "Basi, sasa nitakula zile za dukani tu." Neno hilo lilinichoma.

Nikamwendea mpishi wa mkahawa, nikamwomba vipimo vyake, wala hakuninyima. Akaandika: unga wa ngano kilo 5, mafuta ya nguruwe kilo 1, chumvi gramu 90, maji ya moto lita 2 na nusu au zaidi kidogo. Nikagawanya kwa kumi, nikapata unga gramu 500, mafuta gramu 100, chumvi gramu 9, na maji robo lita. Hesabu ilikuwa sahihi, walakini mkate ulitoka kama soli ya kiatu. Kila donge nililolisukuma lilijirudi kama mpira, na yale yaliyokubali kutandazika yalikaukia chumani, yakavunjika yalipokunjwa. Mama akatafuna kimya kwa adabu. Ningalifurahi zaidi kama angalicheka.

Kisha akaniuliza, "Mwanangu, unga umeupumzisha muda gani?" Nikajibu ya kwamba karatasi haikutaja kupumzisha. Akasema, "Haiwezi kutaja. Mkahawani unga hukandwa alfajiri, kisha mpishi hukata vitunguu na kupika maharagwe mpaka wateja waje. Unga hupumzika wenyewe bila kuamriwa. Tena chuma chao hakipoi tangu asubuhi."

Maana ngano ina asili ya kunata, nayo ikikandwa hukaza kama kamba. Ukiiacha nusu saa chini ya kitambaa hulegea, ikatii mkono. Mafuta nayo huzuia kule kunata kusizidi, ndiyo sababu husuguliwa katika unga mkavu kwanza, mpaka uwe kama makombo, ndipo maji ya moto yatiwe kidogo kidogo. Unga mwingine hunywa maji zaidi kuliko mwingine. Shikeni donge, msitegemee kipimo peke yake. (Asiyekula nguruwe atumie samli, ladha hubadilika, ulaini haupotei.)

Gawanyeni madonge 16, myasukume yawe mapana kama sahani. Hapa ndipo chapati na tortiya huachana: chapati hupakwa mafuta chumani, lakini chuma cha tortiya hubaki kikavu, nacho kiwe moto kabisa, hata tone la maji liruke. Upande mmoja hautaki zaidi ya sekunde 40. Ukingoja rangi nzuri kama ya chapati, umekwisha kuukausha. Malengelenge yakipanda na madoa ya kahawia yakionekana, geuzeni, kisha mfunge kwa kitambaa zote pamoja, ili mvuke wake uzilainishe.

Wenyeji wa Meksiko walikuwa na tortiya za mahindi tangu kale. Ngano ililetwa na Wahispania katika karne ya 16. Katika nchi kavu za kaskazini ilienezwa na mapadre, mmoja wao Eusebio Francisco Kino, aliyefika huko mwaka 1687. Ngano iliota wakati wa baridi, mahindi yasipoota, ikaziba miezi ya njaa. Hata leo watu wa Sonora hufanya tortiya pana mno, huzitandaza juu ya mikono mpaka karibu na kiwiko.

Jumamosi iliyofuata nikakanda mapema, nikafunika, nikaenda kufua nguo zangu. Niliporudi nilimkuta mama ameketi mezani, kitambaa amekiondoa. Alikuwa ameshika donge moja, akilitandaza kwa viganja vyake polepole, vidole vimenyoka, akaniambia nikaweke chuma motoni.