Mavazi ya Mvua Yasioze Nyuma ya Mlango

Katika West Nile mvua haina haraka ya kuondoka. Huanza yapata mwezi wa Aprili, ikaendelea hadi Novemba, na nguvu zake kubwa huonekana kati ya Agosti na Oktoba. Katika miezi hiyo, nyuma ya milango mingi ya Arua na Koboko hukuta mavazi mawili: koti la mvua na viatu vya mpira, yaani gambuti. Huvaliwa na mwendesha bodaboda, na mama aendaye kulima bondeni, na mchuuzi apitaye Oraba kuelekea Sudan Kusini. Yamenunuliwa kwa fedha za jasho. Hata hivyo mengi hayaharibiwi na mvua. Huharibiwa na sisi wenyewe yakisharudi nyumbani.

Jirani yangu mmoja alijifunza jambo hili kwa uchungu. Mumewe huendesha bodaboda kati ya Arua na Koboko, safari ya zaidi ya kilomita 50. Usiku mmoja alirejea amelowa chapachapa, akasema, "Mama, kesho natoka alfajiri, koti langu likauke." Yule bibi, kwa nia njema kabisa, akalitundika juu ya jiko la makaa mle chumbani walimolala watoto, akafunga madirisha ili joto lisipotee. Kabla ya mapambazuko aliamka kichwa kikimgonga. Mtoto mdogo alikuwa akitapika wala hawezi kusimama. Kwa bahati njema alifungua mlango, akamwamsha mumewe, wakawatoa watoto wote nje penye hewa, kisha wakawapeleka hospitali. Walipona. Koti lenyewe lilikuwa limejikunja kama jani la tumbaku.

Basi jambo la kwanza ni hili: makaa yanayowaka hutoa hewa ya sumu iitwayo kaboni monoksidi. Haina rangi, haina harufu, nayo huua watu usingizini. Jiko la makaa lisiingizwe kamwe katika chumba cha kulala, liwe la kukaushia nguo au la kuotea moto. Mtu akiumwa kichwa, akizunguzwa au akitapika karibu na jiko, atolewe nje upesi, kisha apelekwe kwa mganga hospitalini.

Jambo la pili ni kwamba moto hauyafai mavazi hayo. Mpira mbichi huyeyuka kwa joto na kukakamaa kwa baridi. Mwaka 1839 Mmarekani Charles Goodyear aligundua kwamba ukipikwa pamoja na salfa hupata uimara. Lakini uimara huo una mpaka: joto kali, jua la muda mrefu, mafuta na petroli huuzeesha ukapasuka. Nayo makoti ya plastiki hulegea na kugandana yakikaribia moto.

Tufanyeje basi? Urudipo nyumbani, suuza koti na gambuti kwa maji safi. Tope sugu liondolewe kwa sabuni kidogo na kitambaa laini. Usitumie petroli kufutia doa, hata kama ndiyo iliyo karibu na pikipiki.

Kisha ligeuze koti ndani nje. Wengi hukosea hapa. Nje hukauka mapema, bali ndani hubaki unyevu wa jasho, na humo ndimo huota ukungu na harufu mbaya. Kausha ndani kwanza mpaka mkono usihisi ubaridi wa maji, halafu ligeuze ukaushe nje. Litundike kwenye henga pana, kivulini, mahali upepo unapopita. Kwa kuwa mvua nyingi hunyesha alasiri, tumia upepo wa asubuhi. Mvua isipokatika, litundike barazani au kati ya madirisha mawili yaliyo wazi. Usilitandaze juu ya mabati.

Gambuti zijaze magazeti makavu, nayo yabadilishwe kila yakilowa. Maji yakisha kunyonywa, zipindue juu ya vijiti viwili vilivyochomekwa ardhini, ili hewa iingie ndani. Soksi zifuliwe kila siku, na miguu ikaushwe vema, hasa katikati ya vidole; kwani gambuti mbichi huleta fangasi.

Ukidhani koti linavuja, chunguza kwanza kama si jasho lako. Mimina maji ndani ya mkono au mfuko wa koti, ukatazame nje: tone likitokea, hapo ndipo penye tundu. Gambuti iliyotoboka mpelekee fundi wa kuziba mipira ya magurudumu, naye ataitia kiraka.

Kiangazi kinapofika Desemba, ni wakati wa kuhifadhi. Hakikisha vyote vimekauka kabisa. Zipu ipakwe nta ya mshumaa. Sehemu za mpira zipakwe poda kidogo zisigandane. Koti litundikwe, au lizungushwe kwa ulegevu kama mkeka. Usilikunje kwa mikunjo mikali, kwa maana mkunjo ndio mwanzo wa ufa. Gambuti zisimame wima, pasiwe na mzigo juu yake. Viwekwe mahali pakavu, penye giza, mbali na petroli, jiko na panya.

Wapiga mbizi wa nchi za baridi nao huvaa vazi zima lisiloingiza maji, lenye mpira shingoni na mikononi. Ni vazi la gharama kubwa, nao hulitunza kwa kanuni hizi hizi: maji safi, kivuli, ndani na nje, poda katika mpira, nta katika zipu. Uzima wao majini hutegemea utunzaji huo.

Na mvua zitakaporudi, kabla hujatia mguu katika gambuti, ipindue na kuikung'uta. Nge na nyoka wadogo hupenda giza lile.

Wahenga walisema haraka haraka haina baraka. Koti likiwa bado bichi alfajiri, baba na alivae bichi, atakauka njiani. Watoto waliolala penye hewa safi wataamka kumwaga.